Mikono ya Udongo

Tsssss.

Ndiyo yenyewe. Kama hujawahi kuisikia, chukua senene, wale panzi wa kuliwa, waliokwisha kuchambuliwa, wamwage kwenye kikaango chenye moto, usikilize ule mwanzo tu, kabla hujaanza kuwageuza. Hivyo ndivyo chuma chekundu kilivyolia kikiingia ndani ya mti mkavu wa mbuni. Halafu moshi mwembamba ulipanda, wenye harufu ya kahawa iliyoungua na ya kitu kingine ambacho mpaka leo sijakipatia jina, na sauti nzito ya mwanamume ikauambia ule mti, taratibu, kama anayemnywesha mtoto dawa: "Meza. Meza, usiteme."

Huyo alikuwa Fundi. Kibanja chetu, shamba letu la migomba, na chake pale Rugu vinapakana. Katikati kuna mstari wa miramura tu, ile mimea ya mpaka ambayo hakuna mwenye akili timamu anayeing'oa, na ukiwa mfupi kama nilivyokuwa mimi ulipenya bila hata kuinama. Sauti ile niliijua kabla sijajua kusoma. Nikiisikia niliacha chochote nilichotumwa, nikapenya kwenda kuona kisu kinapata mpini.

Siku hizi ukipita pale husikii kitu. Asubuhi moja Fundi aliamka, mkono wake wa kulia haukuamka. Umelala mpaka leo, na uso wake upande huohuo umelegea kidogo. Habari ilinikuta Nyakatuntu, kule Kyerwa, ninakopika kwenye mgahawa. Kilichoniuma hakikuwa kwamba atakufa, maana hospitali walisema hafi. Ni kwamba alikuwa amekataa kugusa kisu, na alimwambia mkewe atafute mtu wa kuchukua nyundo, tupa na mvukuto, kwa sababu mwenye vyombo ameshaondoka. Mwenyewe kakaa palepale kwenye kigoda chake, anasema ameondoka!

Basi kabla hajayaamini kabisa maneno yake, wacha niseme ni nani aliyekuwa amekaa pale.

Watu wengi wanamjua kwa neno moja: bado. Ukienda kuulizia kisu chako, bado. Ukimtuma mtoto, anarudi na bado. Kuna binti wa kutoka Igurwa aliyeagiziwa kisu cha kwenda nacho kwa mume. Kilifika siku wanambatiza mtoto wake wa kwanza, na kwa kweli kilikuwa kizuri mno, hata mama mkwe akanyamaza. Kuna mzee aliyekuwa akija kila siku ya gulio, wanajibizana palepale barabarani.

"Fundi, kisu changu?"

"Bado."

"Si ulisema Jumanne?"

"Mimi nilisema Jumanne. Mti haukusema."

"Sasa mimi nitamenya kwa meno?"

"Unayo? Una bahati. Wenzako wa rika lako hawana."

Na yule mzee alicheka akaketi, akapewa buni za kutafuna, akasahau kilichomleta. Wiki iliyofuata alirudi tena.

Aliyeumizwa zaidi na hiyo bado ni mkewe, ambaye sisi sote tunamwita Bibi. Bibi, mke wa fundi wa visu, alimenya ndizi za ukoo mzima kwa kisu chembamba cha mpini wa plastiki nyekundu alichokinunua gulioni kwa wachuuzi wa vyombo. "Mganga hajigangi," alisema, akikinyanyua juu ili mumewe akione. Fundi aligeuza uso kama aliyeonyeshwa picha ya aibu. Alikuwa na kisu cha Bibi mkononi tangu mimi niko darasa la kwanza. Kila akikaribia kukimaliza aliona kasoro ambayo hakuna mwingine aliyeiona. Nilimuuliza siku moja kwa nini cha Bibi ndicho kigumu. Aliangalia kule jikoni kwanza.

"Wengine wakikuta kasoro watanisema gulioni," akanong'ona. "Huyu atanisamehe. Sasa hilo mimi silitaki."

Hizo siku zote zilikwenda wapi? Nitakwambia, maana mimi nilizikaa. Visu vyake vilianza maisha yao kama springi ya gari au msumeno wa zamani. Alikuwa na mvukuto wa gurudumu la baiskeli. Ukizungusha, upepo unaingia kwenye makaa, chuma kinakuwa chekundu kama pilipili. Akafua, akachovya kwenye oili chafu, akakirudisha motoni kidogo mpaka rangi ya asali ipite juu ya bapa lake, akakitoa haraka. Sehemu hiyo aliifanya upesi kama mtu anayetoa salamu tu. Mazungumzo yenyewe yalikuwa kwenye mpini.

Mti wake ulikuwa mbuni mzee, ule uliochoka kuzaa. Alikata vipande akavipanga kwenye kichanja juu ya moshi wa jikoni, vikakaa huko mwaka mzima, vikawa vyeusi nje na vya rangi ya samli ndani. Mti mbichi hakuugusa. "Mti mbichi ni mwongo," alisema, "unakubali kila kitu, ukikauka unabadili maneno, kisu kinacheza." Alitoboa njia kwa msumari wa moto, kisha akaupasha mkia wa kisu na kuuingiza, ukaunguza nafasi yake wenyewe, ndiyo ile tsss. Shingoni akavisha pete aliyoikata kwenye pampu ya baiskeli iliyokufa. Kisha akachonga, akakwangua kwa kipande cha chupa, na hapo ndipo majani yalipoanza.

Watu wa mjini wakisikia msasa wanafikiria karatasi ya dukani. Sisi tuna mti wenyewe. Mmoja uko nyuma ya nyumba yetu, na mimi ndiye niliyechuma. Jani changa linabembeleza tu, jani lililokauka sana linavunjika. Alitaka lililokomaa, lililolala kivulini siku moja. Alisugua mpini, akaulowesha maji, akauweka ukauke mpaka vinyweleo vya mti visimame, akavisugua tena. Akalowesha tena. Mimi, mtoto, nililia.

"Babu, si ulikuwa umelainika? Kwa nini unauharibu?"

"Ulikuwa umejilaza tu. Siku ya kwanza ya maji ya kupikia ungeamka, ukamchoma mama wa watu. Acha uamke hapa, kwangu."

Mwisho mafuta ya mbarika na nta ya nyuki, vikapashwa pamoja, vikapakwa kwa gamba kavu la mgomba. Na baada ya hayo yote alifumba macho, akaupitisha mpini kwenye shavu lake la kulia, polepole, mpaka chini ya jicho pale ngozi ilipo nyembamba. "Kiganja cha mkulima kimeshakuwa jembe, hakisikii kitu," alisema. "Shavu ndilo shahidi." Na mara nyingi shahidi alisema bado.

Kwa ajili ya kazi hiyo alinyoa shavu moja tu. La kulia safi, la kushoto lina ndevu za wiki nzima. Kanisani Bibi alimkalisha mwisho wa benchi, upande wa ukutani, ili lenye ndevu litazame ukuta.

Aliimba kwaya, sauti ya nne, na akipiga tupa aliimba vilevile, tupa ikienda na wimbo. Akina mama waligundua kwamba visu vilivyopigwa tupa wakati wa Kwaresima, nyimbo zikiwa za pole, vilikuwa na makali tulivu yasiyovunjika. Kwa hiyo ulimsikia mtu akibembeleza: "Fundi waitu, Fundi wetu, changu usikipige Pasaka, utakipeleka mbio." Akajibu kwamba atakiimbia wimbo wa mazishi, kikitoka kimenuna shauri yao. Wakacheka, lakini walimaanisha.

Na kisu hakukupa mkononi. Hata uwe askofu. Alikilaza chini, juu ya jani la mgomba, akaondoa mkono wake, ndipo ukakiokota. "Kisu hakipewi, kinachukuliwa." Mimi mpaka leo pale mgahawani wananishangaa, kisu ninakilaza kwanza, mwenzangu anasubiri kama tunacheza mchezo.

Tena, huyohuyo ambaye visu vyake vilichinja mbuzi wa harusi za Rugu yote, damu aliiogopa! Krismasi ikikaribia, mbuzi akiletwa uani, Fundi alikumbuka ghafla kwamba kuna mgomba mwisho kabisa wa kibanja unaotaka kuegemezwa. Tulimwita chakula kikiwa tayari. Siku moja alijikata kidole, kijeraha cha kuku kuparua, akaketi chini taratibu na kuita, "Bibi... njoo unishike, ninaanguka," na kashakaa chini! Bibi alikuja na majivu, hana haraka. "Utaanguka wapi, wewe mzee? Chini umeshafika."

Lakini jambo lake kubwa, ambalo sijaliona kwa fundi mwingine popote, ni mikono.

Ukija kuagiza kisu alikupa donge la udongo wa kichuguu, limekandwa likalainika. "Shika kama unamenya," alisema. Ukalishika, ukalibana, ukaliachia. Vidole vyako vikabaki pale, kila kimoja na shimo lake. Alilikausha kivulini, akalitumia kuchongea mpini, kisha akalipanga kwenye kichanja chake ukutani. Kijiji kizima kilikuwa pale. Mkono wa mama yangu, wenye kidole cha shahada kilichopinda. Mkono wa mchungaji, laini, umebana kidogo tu kama anayeogopa kumuumiza udongo. Mikono ya watu waliokwisha kufa, na watoto wao walikuja wakati mwingine, wakaomba kuishika tu, wakatia vidole vyao ndani ya vya marehemu, wakakaa hivyo kidogo, wakashukuru kutokea mlangoni na kwenda zao. Fundi alijifanya anatafuta tupa.

Mkono wangu nao uko pale. Hadithi yake ni hii.

Mimi nina mashoto. Kwetu hilo lilikuwa jambo la kurekebishwa, kama jino lililoota juu ya jingine. Shangazi, dada yake baba, aliyekaa kwetu na kushika malezi yangu, aliufunga mkono wangu wa kushoto kiunoni kwa kanga kila tulipoketi kumenya ndizi. "Mkono huo una kazi zake, na si za jikoni," alisema. "Utamenyea wakwe zako hivyo? Watakurudisha na mkungu wako kichwani." Nikamenya kwa kulia. Kisu kilizama, ganda likatoka nene na nusu ya ndizi ndani yake. Mbuzi wetu alinenepa mpaka majirani wakauliza tunamlisha nini. Sufuria ilipungua, mbuzi akaongezeka, na Shangazi akakaribia kulia, maana hakuwa mtu mbaya, aliniogopea.

Ndipo aliponipeleka kwa Fundi. "Mtengenezee kisu chake," akasema. "Labda ubaya uko kwenye kisu."

Fundi alinipa donge. Shangazi akanitazama. Nikalishika kwa kulia, nikalibana kwa nguvu zangu zote za mtoto wa darasa la tatu. Fundi alilipokea, akalizungusha, akaweka kidole chake katika kila shimo.

"Mkono huu ni mgeni," akasema. "Mwenyeji yuko wapi?"

"Mwenyeji gani, Fundi?" Shangazi akauliza.

Fundi aliukanda tena ule udongo ukawa mviringo, kama anawaza mengine, kisha akageuka ghafla na kunirushia. "Daka!"

Nikadaka. Kwa kushoto. Vidole vyangu vikazama palepale, bila mimi kuviambia.

"Karibu, mwenyeji," akasema Fundi, akauinamia mkono wangu kidogo kama anayemsalimu mtu mzima.

"Unamharibu mtoto!" Shangazi alipandisha sauti mpaka Bibi akatoka jikoni. "Mimi ninafundisha, wewe unabomoa!"

"Mama, mimi sifundishi mikono. Ninaivisha tu. Ukiniletea mguu mkubwa nikushonee kiatu kidogo?"

"Kiatu na mkono wapi na wapi!"

"Basi chukua kisu chako cha kulia, ujaribu kumenya kwa kushoto. Hapa hapa. Bibi, mpe ndizi."

Shangazi alijaribu, kwa hasira. Ganda lilitoka nene kama kandambili. Bibi akacheka akajificha na kitenge. Shangazi akakiweka kisu chini juu ya jani, akaondoka bila kuaga, lakini hakusema nisirudi.

Kumbe kisu cha kumenyea kina upande. Fundi alinionyesha: bapa moja limelala sawasawa, la pili limechongwa makali. Ukikigeuzia mkono mwingine, yale makali yanakivuta kuingia ndani ya ndizi. Changu alitakiwa kukichonga kinyume, na hapo nikamwona Fundi akishindwa. Cha kwanza, mkono wake ulijiendea njia uliyoizoea. Alipomaliza tu akagundua kimetoka kama vyote. Alikitazama, akajipiga paji la uso. Cha pili kilifuata upande sahihi lakini kilitoka kizito, kisu cha mtu mzima, akakitupa kwenye kikapu cha vyuma. "Bado," aliniambia, na safari hii alikuwa akijiambia mwenyewe. Cha tatu ndicho changu.

Ganda la kwanza nililomenya kwa kile kisu lilikuwa jembamba kiasi kwamba Shangazi alilichukua akalielekeza kwenye jua, akaona mwanga. Alilitazama muda.

"Haya," akasema. "Lakini salamu utatoa kwa kulia."

Na salamu ninatoa kwa kulia mpaka leo. Tuligawana hivyo mimi na yeye, amani ikaingia, mbuzi akakonda.

Tangu siku hiyo Fundi hakuniita jina langu tena. Nikawa Mashoto. Nikamchumia majani, nikazungusha mvukuto, na nikawa ninamwambia ndoto zangu, maana mimi ndoto sina uhaba nazo. Shule niliishia kidato cha pili, lakini ndoto zangu ziliendelea kidato baada ya kidato. Nilimwambia nitafungua duka, liwe na kibao cha rangi ya bluu, visu vimepangwa vyote na mipini inang'aa, na mteja akiingia anapewa udongo kwanza, kiti baadaye.

"Na mimi nitakaa wapi humo dukani?" aliuliza, hajaacha kusugua.

"Kwenye kiti, Babu."

"Kinachozunguka?"

"Kinachozunguka."

"Basi fanya haraka, kabla sijazeeka."

Nywele zake zilikuwa nyeupe pe. Nilicheka mpaka nikadondosha majani.

Niliomba ruhusa mgahawani msimu wa kuvuna kahawa, nikaenda Rugu. Sikuanzia hata kwetu. Nilipita kwenye miramura, na sasa nimekuwa mrefu, ikanibidi nipite kwa ubavu. Bibi alikuwa anatandaza kahawa juani. Alipoinua kichwa alitupa reki.

"Mawe, mama yangu! Mashoto! Umekuja?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Yuko pale. Mwangalie mwenyewe."

Alikuwa kwenye kigoda chake, mbele ya mvukuto uliofunikwa gunia. Ndevu mashavu yote mawili. Hilo lilinichoma kuliko mkono. Nilipiga goti nikamwamkia, akaitika, kisha akanipa mkono wa kushoto, akatazama pembeni. "Nisamehe. Mwingine hauamki."

Nikampa wangu wa kushoto. Mikono miwili ya kushoto ikashikana vizuri kabisa, kama iliyosubiriana. Shangazi angekuwepo angetufukuza wote.

"Kuna mtu wa kutoka Igurwa atakuja kuchukua vyombo," Bibi akaniambia tulipoketi kumenya ndizi za mchana. Alisema kwa sauti ya kawaida ili Fundi asikie. "Siku ya gulio. Mwenye vyombo ameondoka, ndivyo nilivyoambiwa. Mimi nashangaa ninayempikia ni nani."

Fundi aligeuzia macho gunia la mvukuto. Zamani angejibu. Huyu ndiye aliyejaribu kila kisu mwenyewe kwa kumenya ndizi, wapita njia wakimzomea kwamba Fundi anamenya kama bi harusi, naye akawauliza kama wake zao wao wameridhika.

Mimi nilikuwa na kisu changu, huwa sisafiri bila hicho. Nilimenya taratibu. Baada ya muda nikasikia sauti yake, imekwaruza.

"Hicho umekiloweka."

"Sijakiloweka, Babu."

"Kimelala kwenye beseni. Kinasikika."

Kweli mwenzangu mmoja alikuwa amekiacha kwenye maji ya maganda, usiku mzima, na mimi nilidhani nimekikausha vya kutosha. Sikubishana. Nikakata kipande cha jani la mgomba, nikakitandaza chini upande wake wa kushoto, nikalaza kisu juu yake, nikaondoa mkono. Kisha nikachukua kile cha plastiki nyekundu cha Bibi, nikaendelea kuharibu ndizi nacho, macho chini.

Kuku walipita. Bibi alikuwa ameacha kumenya, ameishika ndizi moja tu kifuani.

Nikasikia jani likichakacha.

Alikuwa amekiokota. Aliunusa mpini, akaupeleka kwenye shavu la kulia kwa mazoea, akakunja uso, maana shavu hilo sasa halisikii kitu. Akaupeleka la kushoto, ndevu zikamzuia. Akauteremsha. Halafu akaegemeza kisu pajani, akaokota ndizi, akaibana kati ya magoti, akashika kisu tena, akaanza.

Ganda lilitoka nene. Lilikatika. Akaanza upya, likatoka nene zaidi, nusu ya ndizi imo. Bibi alifungua mdomo kusema kitu, nikamtikisia kichwa. Fundi aliliinua lile ganda, akalielekeza kwenye jua kama Shangazi alivyofanya. Hakuna mwanga wowote uliopita.

"Mbuzi atashukuru," akasema.

Akacheka. Kicheko kilienda upande mmoja wa uso, lakini kilikuwa chake, kilekile cha zamani. Bibi alicheka na machozi yakimtoka, na mimi vilevile, kamasi zote.

"Mpini huu ni wa mtoto," Fundi akasema akikigeuza kisu. "Unazama mkononi. Nani alikutengenezea takataka hii?"

"Mzee mmoja hivi. Alikuwa anachelewa sana."

Niliinuka nikaenda kwenye kichanja. Mikono yote ilikuwa pale, ina vumbi. Wangu ni mdogo, haufiki nusu ya ngumi yangu ya leo. Nilitafuta mwanzo mpaka mwisho.

"Babu, wako uko wapi?"

"Wangu wa nini? Si nilikuwa ninao."

Basi nilichukua udongo kwenye ndoo yake ya pembeni, ulikuwa umekauka kuwa jiwe. Bibi akaleta maji bila kuombwa. Nikaukanda mpaka ukalainika, ukawa mviringo, nikasimama mbele yake kama ninayewaza mengine.

"Daka!"

Hakudaka vizuri. Donge lilimwangukia mapajani. Lakini mkono wa kushoto ulishafika kabla hajauita, ukalifunika, na vidole vikazama.

"Karibu, mwenyeji," nikasema.

Alitazama mkono wake muda mrefu, kama mtu anayemtambua ndugu aliyeishi naye nyumba moja miaka yote bila kuongea naye. Kisha akauachia udongo, taratibu, asiuharibu.

"Kwenye kikapu kuna kisu kizito," akaniambia. "Kile nilichokosea ulipokuwa mdogo. Makali yake yako upande wa kwenu. Kukinoa, mimi nitakinoa. Mpini, wewe. Na usiniletee kabla shavu halijakubali."

"Sawa, Babu."

"Bibi!"

"Abee."

"Yule mtu wa Igurwa, akija siku ya gulio mwambie bado."

Bibi aliinamia reki yake ya kahawa, akainyanyua, akaiweka tena.

"Na lete wembe," Fundi akaongeza, akijishika uso. "Safari hii la kushoto."

Nilirudi Nyakatuntu na kipande cha mbuni kutoka kichanjani mwake, kile kisu, na mkono wake wa udongo nimeufunga ndani ya kitenge kama yai. Leo alasiri wateja wamekwisha, wenzangu wamekwenda gulioni, nimekaa peke yangu nyuma ya mgahawa, jiko la mkaa mbele yangu. Chuma kimelia tsss, nikauambia mti umeze, usiteme, na ukameza. Nimechonga nikiutazama ule udongo, nimekwangua kwa chupa, nimesugua kwa majani, nimelowesha, nimesubiri vinyweleo viamke, nimesugua tena.

Nimefumba macho, nikaupitisha mpini kwenye shavu langu mpaka chini ya jicho.

"Bado," nikasema, nikachukua jani jingine.